Mwenye Fedha Kidogo Aunde, Asingoje

Katika vijiji vya wavuvi vya mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, kijana asiye na mtaji akitaka chombo chake hupewa shauri lile lile. Akope boti ya faiba. Akikosa mkopo, atafute chombo kikuukuu. Kuunda cha mbao uani kwake, wanasema, ni kuzika fedha, kwa kuwa mbao zinavuja, zinaoza na zimepitwa na wakati.

Faiba ina sifa zake. Ni nyepesi, haiozi, na wadudu wa baharini watoboao mbao hawaili. Mwenye uwezo na ainunue. Ninachokataa ni kumgeuzia asiye na fedha shauri la mwenye fedha, kisha tukamwona amekaa ufukweni mwaka baada ya mwaka akivulia chombo cha mwingine na kugawana naye samaki.

Tuanze na gharama. Boti ya faiba hulipwa yote kwa mkupuo, au kwa mkopo unaodai marejesho hata miezi ya bahari chafu. Dau la mbao la futi 14, la watu wawili, la kuvulia ndani ya miamba, huundwa kadiri mkono unavyopata. Mwezi huu unanunua gogo la mkuku, mwezi ujao mbao mbili, na misumari baadaye. Mbao zikipangwa kivulini, zikatenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, kungoja hakuziharibu. Zinakauka, na ubao uliokauka vizuri ni bora kuliko ule uliotoka msumenoni jana. Haba na haba inafanya kazi hapa kuliko mahali pengi, maana hakuna riba inayokimbizana nawe.

Tena sehemu kubwa ya chombo haihitaji mbao ghali. Tazama mataruma. Fundi makini hayachongi kutoka ubao ulionyooka, kwa sababu ukikata pindo katika ubao ulionyooka unakata nyuzi za mti, na taruma litavunjika hapo hapo. Anatafuta tawi la mwembe, mkorosho au mfenesi lililopinda lenyewe, ili nyuzi zifuate pindo kutoka ncha hadi ncha. Matawi ya namna hiyo seremala wa vitanda hayataki, na mengi huishia jikoni kuwa kuni. Mwenye macho huyapata kwa bei ndogo, pengine kwa kumsaidia jirani kupogoa mti wake.

Wapo wasemao kuunda ni kazi ya mafundi wa ukoo, si ya kila mtu. Ni kweli kwamba kuna siku ambazo fundi hana badala yake: siku ya kulaza mkuku, na siku za kufunga mbao za kwanza pembeni mwake, zinazoamua umbo lote. Mlipe kwa siku hizo, bila kumpunja. Kutoboa matundu ya misumari kwa keekee, kusokota pamba, kupaka mafuta na kupiga randa ni kazi unayoweza kuifanya na wanao, yeye akipita jioni kukagua.

Kuhusu chombo kikuukuu, bei yake ya kwanza hudanganya. Rangi mpya huficha mengi. Anayekwenda kukitazama achukue kisu, ainame ndani, achome ncha kwenye miguu ya mataruma yanapokutana na mkuku, mahali ambapo maji ya mvua hutuama. Kisu kikizama bila kushindana, hapo hununui chombo, unanunua matengenezo. Chombo ulichokiunda unajua kila msumari ulipo.

Je, mbao zinavuja? Chombo kipya huvuja siku za mwanzo, na wengi hukata tamaa hapo. Ubao ukilowa huvimba, na ukivimba huibana pamba iliyoshindiliwa kwenye maungio. Kalafati ikipigwa sawasawa, kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, maji hupungua yenyewe. Wale wadudu watoboao mbao nao wana dawa ya kale: kukipandisha chombo pwani, kukipitishia chini moto wa makuti makavu, kisha kukipaka deheni ya chokaa na shahamu. Ni kazi ya kurudiwa kila baada ya muda, lakini vifaa vyake vyote vinapatikana kijijini. Faiba ikipasuka kwenye mwamba, inataka dawa maalumu kutoka dukani mjini.

Na huo ufundi haujapitwa na wakati. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinataja mashua za kushonwa katika pwani hii, na watu wa Lamu waliendelea kushona mitepe kwa kamba za nazi kwa karne nyingi. Waliunda kwa walichokuwa nacho. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu hiyo hiyo walikamilisha Flipflopi, dau la taka za plastiki, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mikono iliyolitengeneza ilikuwa imefundishwa na mbao.

Hofu ya kumaliza misitu ni ya haki, na ndiyo sababu nasema mbao, si mtumbwi wa gogo zima ambalo sehemu kubwa yake huishia kuwa vibanzi. Nunua mbao za miti ya kupandwa, na mikoko usiikate bila kibali.

Lakini bajeti ndogo isiwe kisingizio cha kulipua kazi. Punguza urefu wa chombo. Acha injini, maana petroli ndiyo imezilaza boti nyingi ufukweni. Anza na tanga na kasia. Usipunguze mkuku, wala misumari iliyopakwa zinki, wala pamba ya kalafati, wala majaketi ya kujiokolea. Usivuke miamba kwa dau la futi 14 ati kwa sababu bahari imetulia asubuhi. Na kabla hujalishusha, mwone ofisa uvuvi kwa usajili na leseni.

Kwa viongozi wanaopanga mikopo ya uvuvi, nina ombi moja: fungu mojawapo liende kwenye mbao, misumari na ujira wa fundi wa kijiji. Na wewe uliyekuwa ukingoja boti ya mkopo, tafuta gogo la mkuku mwezi huu. Hilo unaliweza.