Wazee Hawatibiwi kwa Kitambulisho: Igunga Tunataka Wapimwe Kila Mwaka



Kila Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani, viongozi wa serikali ya CCM wanavaa fulana mpya, wanapanda jukwaani na kutuambia kwamba wazee ni hazina ya taifa. Ngoma zinapigwa, picha zinapigwa, wazee wamekalishwa mstari wa mbele juani. Vitambulisho vya matibabu bure vinagawiwa kwa mbwembwe. Halafu magari yanaondoka, vumbi linabaki. Oktoba pili mzee yuleyule anarudi kwake Igurubi au Kining'inila na presha yake ambayo hakuna mtu aliyeipima.

Leo tuongee bila kupepesa macho. Tunataka kila Mtanzania aliyefikisha miaka 60 apimwe afya angalau mara moja kwa mwaka. Apimwe karibu na anapoishi, apimwe bure, na akikutwa na tatizo apewe dawa. Hiyo haki wazee wetu wameilipia kwa jasho lao, na tutaonyesha hapa chini wameilipiaje.

MSAMAHA UNAOMSUBIRI MZEE AUMWE

Sera ya Taifa ya Wazee iliandikwa mwaka 2003. Inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya 2007 ikaja kusema wazee wasio na uwezo watibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Maneno matamu kweli. Lakini sera siyo sheria, huwezi kwenda nayo mahakamani kumdai mtu. Miaka 20 ikapita, 2023 ikafika, na wazee walikuwa bado wanaomba watungiwe sheria yao.

Tuseme sera ingetekelezwa yote bila kupungua hata nukta. Bado ina tundu kubwa katikati. Msamaha huu unamhusu mzee ambaye tayari anaumwa, amejikongoja mpaka kituoni, na amekubaliwa kwamba hana uwezo. Huyu ambaye ugonjwa unamla kimya kimya, sera haimtafuti.

Na magonjwa ya uzeeni ndivyo yalivyo, hayapigi hodi. Presha haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi, analima, anachunga, anacheka na wajukuu, kumbe mishipa inachakaa. Siku itakayojitangaza inajitangaza kwa kiharusi. Kisukari nacho hivyohivyo: mzee anadhani ni uchovu wa umri, mpaka kidonda cha mguu kigome kupona.

Takwimu zipo. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika 2012 ulikuta karibu asilimia 26 ya watu wazima wana presha ya juu, na asilimia 9 wana kisukari. Lakini angalia walipima akina nani: watu wa miaka 25 hadi 64. Mzee wa 65, wa 70, wa 80 hakuwemo kabisa kwenye hesabu! Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi walikuta karibu 70 katika kila 100 wana presha ya juu, na wengi wao walikuwa hawajui. Ndugu yangu, hao ni watu wa Hai. Igunga kuna nini cha kutufanya tuamini wetu wako salama?

MACHO MEKUNDU

Sasa tuje kwenye jambo ambalo viongozi wetu hawapendi kulisikia jukwaani.

Huku Unyamwezini na Usukumani tunajua maana ya bibi kizee kuwa na macho mekundu. Ni hukumu ya kifo inayotembea. Bibi amepikia kuni, mabua na mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi umemharibu. Au ana vikope, au ana mzio. Mtoto wa jirani akiugua au ng'ombe akifa, macho yale yanageuka kuwa ushahidi. Mganga anapiga ramli, na usiku panga linafanya kazi yake. Julai 2017, hapo jirani zetu Nzega, wanawake watano waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Watano kwa mkupuo!

Hatusemi kupima macho peke yake kutamaliza mauaji haya. Nyuma ya ramli mara nyingi kuna shamba, kuna mirathi, kuna visasi vya ukoo. Wauaji wakamatwe na washtakiwe. Lakini fikiria kijiji ambacho kila mwaka mhudumu wa afya anakuja, anawaangalia mabibi wote macho hadharani, anatamka mbele ya watu: "Huyu ana vikope, dawa hii hapa. Huyu ana mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji. Huyu ni moshi, tumtengenezee jiko la nje." Mganga wa ramli atabaki na nini cha kuuza? Dawa ya macho ingekuwa pia kinga ya shingo ya bibi yako.

Kwa hiyo mtu asituletee porojo kwamba kupima wazee ni anasa ya Wazungu.

WAO WANAPIMWA

Novemba 2014, Rais wa wakati huo Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Hakuficha. Alizungumza waziwazi na Watanzania, na kwa hilo tunampa heshima yake, maana wanaume wengi wanakufa kwa aibu ya ugonjwa huo. Alikuwa na miaka 64. Kwa sera ya serikali yake mwenyewe yule alikuwa mzee: mzee aliyepimwa, akagundulika, akatibiwa, akarudi kazini.

Sasa tunauliza: mzee wa miaka 64 wa Mwamashimba anapimwa na nani? Anayeamka mara sita usiku kwenda kukojoa na kuambiwa "ni uzee huo, baba", nani anamwambia kwamba hilo lina jina na lina tiba? Mbunge ana bima inayolipwa na kodi zetu. Namhala wa Mwamashimba ana kitambulisho chenye picha.

Na hicho kitambulisho tunajua kinavyofanya kazi. Unapita dirisha la wazee, bango limeandikwa vizuri kabisa mzee apishwe apate huduma kwanza. Unamwona daktari bure. Unaandikiwa dawa. Unafika dirisha la dawa, unaambiwa hazipo, nenda ukanunue nje. Bure iliishia kwenye karatasi! Mzee anakunja karatasi yake anaiweka mfukoni, na hapo bado hajarudisha nauli ya bodaboda aliyokopa.

"LAKINI JAMANI..."

Tunajua hoja zitakazoletwa. Tuzijibu kabisa.

Kwanza watasema wataalamu wenyewe wamegundua kupima afya kila mwaka hakuongezi maisha. Ni kweli utafiti huo upo. Wataalamu wa Denmark walikusanya majaribio 17 yenye watu zaidi ya laki mbili, na mwaka 2019 wakaandika kwamba uchunguzi wa jumla haukupunguza vifo. Tumesoma, hatuogopi. Lakini majaribio yale yalifanyika kwenye nchi tajiri, ambako mtu akikohoa tu anamwona daktari wake, na presha yake inapimwa hata akienda kwa mafua. Asiyepimwa kwenye kampeni kule alishapimwa kwingine. Igunga asiyepimwa kwenye kampeni hajapimwa popote. Na sisi hatuombi mzee aingizwe kwenye mashine kutafutiwa kila kitu. Tunaomba vitu vichache ambavyo tiba yake inajulikana na ni rahisi: presha, sukari, macho, masikio, uzito, na maswali machache kuhusu mkojo, kuanguka na kusahau.

Pili watasema pesa hakuna. Oktoba 2, 2011, siku moja tu baada ya Siku ya Wazee Duniani, Igunga tulipiga kura ya uchaguzi mdogo. Mnakumbuka? Helikopta zilipaa juu ya mbuga, mawaziri walipiga kambi, magari yalijaa mji mzima. Daraja la Mbutu lilikuwa gumzo la kampeni ile, na kweli likajengwa. Safi sana, tunapita juu yake. Lakini tulijifunza kitu: zikitafutwa kura, pesa huonekana. Upinzani ulipata zaidi ya kura elfu 23 siku ile, na chama tawala kilitoka jasho. Mashine ya kupimia presha haifiki hata bei ya mafuta ya helikopta kwa lisaa limoja.

Tatu watasema Bima ya Afya kwa Wote imekuja, tulieni. Sheria ilipita bungeni Novemba 2023, sawa. Lakini bima ni namna ya kulipia huduma. Kama huduma ya kumtafuta mzee na kumpima haimo kwenye mpango wa zahanati, bima italipia kiharusi badala ya kuzuia kiharusi. Na hilo neno "asiye na uwezo" litatutesa tena: mzee mwenye mbuzi watatu na nyumba ya bati, ana uwezo au hana? Nani atamhukumu, mtendaji wa kijiji?

Nne watasema wazee wenyewe hawataki kupima, wanakimbilia kwa waganga. Mganga wa kienyeji yuko jirani, anamsikiliza mzee nusu saa, anakubali kulipwa kuku na hamwambii "dawa hakuna". Zahanati ikifanya hivyo wazee watakuja. Tusiwasingizie.

WAMESHALIPA

Mzee wa Igunga amelima pamba miaka 40. Kila msimu alipopeleka mzigo wake kupimwa, ushuru wa mazao ulikatwa. Alipouza ng'ombe mnadani alilipa. Alichangia madarasa, alichangia zahanati ambayo leo haina kidonge chake. Kabla yake babu zake walibeba mizigo begani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa ujira wa vitambaa, wakatajirisha watu wengine. Ukoo huu umebeba vya kutosha.

Na Igunga tunaona jinsi bajeti inavyowasahau. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sisi vijana tumo. Wazee sifuri. Wakati huohuo Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 alianza kulipwa pensheni jamii, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa aliwahi kuajiriwa wapi. Nchi moja, wazee wawili.

Kijana unayesoma hapa, usidhani hii ni habari ya watu wengine. Baba akianguka na kiharusi mwezi wa kilimo, ng'ombe wanatoka zizini mmoja baada ya mwingine kwenda Nkinga, kwenda Kitete, kwenda Bugando. Mdogo wako wa kike anaacha shule kumgeuza baba kitandani. Mtaji wako wa bodaboda unageuka nauli. Kidonge cha presha ambacho hakikutolewa ndicho kilichokufilisi.

TUNACHODAI

1. Kila kijiji kiwe na siku ya kupima wazee kila mwaka, baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi. Kwenye mnada au gulio pafungwe hema. Asiyeweza kutembea afuatwe nyumbani. Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ikaahidi zaidi ya 137,000 nchi nzima. Kazi yao ya kwanza hii hapa.

2. Dawa za presha na kisukari zisikosekane zahanati, na mzee apewe za miezi mitatu. Kumpima mtu na kumwambia "unaumwa, dawa hatuna" ni ukatili.

3. Timu ya macho ifike kila tarafa kila mwaka, na wenye mtoto wa jicho wapelekwe kwenye upasuaji bila gharama.

4. Kila zahanati iwe na daftari la wazee wake: nani kapimwa, nani kapewa dawa, nani hajaonekana. Muhtasari wake usomwe kwenye Baraza la Madiwani.

5. Haki hii iandikwe kwenye sheria ya wazee, siyo kwenye sera wala kwenye hotuba.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unakaa kila miezi mitatu. Nenda na wenzako watano, msiende na matusi, nendeni na maswali matatu: Kijiji chetu kina wazee wangapi? Wangapi wamepimwa presha mwaka huu? Waliokutwa nayo, wangapi wana dawa leo? Mwenyekiti akijibu, andikeni majibu. Akishindwa, andikeni kwamba ameshindwa, na mumtake diwani alibebe. Katika bajeti ijayo tutauliza tena, na kwenye sanduku la kura tutauliza kwa mara ya mwisho.

Na kabla ya mkutano, wiki hii hii, mpeleke mzee wako apimwe. Banamhala na bagikulu wetu wasife kwa ugonjwa unaozuilika kwa kidonge kimoja kwa siku.

Mapambano yanaendelea!