Gari la umeme au la petroli? Hesabu safari zako kwanza



Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ilula anayelima nyanya alinipigia simu. Msimu umemwendea vizuri, hela anayo mkononi, na kwenye mtandao wa magari ya Japani ameona kirikuu cha umeme, Mitsubishi Minicab MiEV. Akaniuliza, "Afisa, nikichukue hiki niachane na sheli?" Nikamwomba anipe siku mbili. Jibu langu naliweka hapa, maana sio yeye peke yake anayeniuliza swali hili.

Niseme wazi kabisa: kwenye gharama ya kutembea, umeme unashinda, tena kwa mbali. Tupige hesabu. Ilula hadi Iringa mjini, kwenda na kurudi, ni karibu kilomita 100. Kirikuu cha petroli chenye mzigo tukipe lita 7. Lita tuiweke shilingi 3,000 (wewe weka bei ya EWURA ya mwezi huu). Hapo ni 21,000. Cha umeme kwa safari hiyohiyo tukipe uniti 15, na ukijumlisha zinazopotea wakati wa kuchaji, LUKU itakata kama 17. Elfu kumi inakupa uniti kama 28, ukiacha siku wanayokata kodi ya jengo. Kwa hiyo safari nzima ni kama 6,000. Umeokoa 15,000.

Angalizo kwa mlio kwenye uniti za bei nafuu: zile za shilingi 100 mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Safari nne tu kama hizo zinakaribia kuzimaliza, kabla hujapiga pasi wala kuwasha taa. Usipigie hesabu gari kwa bei hiyo.

Kwa nini tofauti ni kubwa hivyo? Injini ya petroli inapeleka tairini kama robo tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta. Nyingine inaondoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Mota ya umeme inatumia zaidi ya asilimia 80 ya umeme unaoipa. Na ukishuka mlima inarudisha kidogo kwenye betri.

Kwenye matengenezo napo umeme una nafuu, ila sio kama mnavyoambiwa. Ni kweli humwagi oili, hubadilishi plagi, klachi hakuna, na breki zinadumu kwa sababu mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo. Lakini mimi nina kagari kangu kadogo ka petroli, na mwaka jana niliandika kila shilingi niliyompa fundi. Nilipojumlisha nikashangaa: injini ilikula chini ya nusu. Hela nyingi ilienda kwenye tairi, bushi, shokapu na bolijointi. Hivyo vyote gari la umeme linavyo, na barabara yetu ya vumbi haiulizi unatumia nini. Tena betri ni nzito, kwa hiyo tairi na shokapu ndizo zinazobeba uzito huo.

Sasa tuje kwenye betri, maana ndipo vijana wanapoumia. Mimi naiona betri kama petroli uliyoilipia mapema. Ukinunua gari la umeme lililotumika, unanunua tangi ambalo mwenzako ameshalipunguza. Kirikuu hicho kikiwa kipya betri yake kubwa ilikuwa ya uniti 16, na vipo vya uniti 10.5. Tuseme cha kijana wetu kina ile kubwa na imebaki robo tatu, yaani uniti 12. Kwa matumizi ya uniti 15 kwa kilomita 100, kitatembea kilomita 80. Atafika Iringa, atauza, na wakati wa kurudi atakwama kabla hajaiona Ilula. Na hapo hakuna bodaboda wa kukuletea lita moja kwenye chupa.

Inawezekana, ndiyo, kuchaji mjini wakati unauza. Soketi ya kawaida inaingiza kama uniti 2 kwa saa, kwa hiyo ukikaa saa tatu umepata za kukufikisha nyumbani. Lakini uwe na uhakika wa hiyo soketi, na umeme usikatike siku hiyo.

Twende kwenye hesabu ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo inayoamua. Tuseme cha umeme kinakuzidishia shilingi milioni 6 kwenye kununua. Kijana wa nyanya anaenda mjini mara mbili kwa wiki, safari 104 kwa mwaka. Anaokoa 1,560,000 ya mafuta, na sevisi mbili za 80,000, jumla 1,720,000. Hiyo milioni 6 itamrudia baada ya miaka mitatu na nusu. Na hapo nimempa safari za mwaka mzima, wakati sote tunajua nyanya zina msimu. Miezi mingine gari limelala chini ya mwembe, na betri inazeeka hata gari likiwa limelala.

Mchukue mwenzake anayesambaza mayai au maziwa kila siku, kilomita hizohizo 100, siku 300 kwa mwaka. Anaokoa milioni 4.5 ya mafuta na sevisi sita, 480,000. Milioni 6 yake inarudi ndani ya mwaka mmoja na miezi mitatu.

Umeona? Gari ni lilelile na LUKU ni ileile, kilichobadilika ni idadi ya safari. Faida ya umeme unaipata kwa kutembea, na gari lililolala halikuokolei kitu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye mzigo wa kila siku, njia anayoijua, na umeme wa uhakika pale anapolala: nunua la umeme, ila betri ipimwe na ujue bei ya nyingine kabla hujatoa hela. Muuzaji akianza kuzungukazunguka ukimuuliza betri, rudi nyumbani. Mwenye mzigo wa msimu: baki na petroli, au kodi gari siku ya soko, na hiyo milioni 6 ipeleke kwenye matone na mbegu. Ukitaka kuonja umeme, anza na pikipiki ya safari fupi za shambani.

Kijana wa Ilula hakufurahi sana nilipompigia kumwambia hivyo. Nilimwomba kitu kimoja tu: kwa mwezi mmoja aandike kwenye daftari kila safari, kilomita na mzigo. Mwezi ukiisha tutakaa tuisome pamoja. Na wewe anza leo, halafu niandikie hapa chini umepata kilomita ngapi.