Juu ya Mizani ya Mitihani Vyuoni

Jioni moja ya muhula uliopita, mama mmoja wa mtaa wetu wa Buguruni, muuza ndizi katika soko la hapa, alibisha hodi kwangu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameifunga katika pindo la kanga yake kwa siku tatu, akiona haya kuileta. "Mwalimu," alisema, "mwanangu kaniambia amedisko. Nami nijuavyo disko ni ngoma. Mtu atokaye ngomani mbona hali wala halali?" Niliikunjua karatasi. Ilikuwa barua ya chuo kimoja cha mjini, aya mbili, kwa Kiingereza. Ilisema kwamba mwanawe, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ameondolewa masomoni kwa kutofikia wastani uliowekwa, na kwamba kama hakuridhika aweza kukata rufani ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua. Siku ile ilikuwa ya 19.

Nilimwita kijana, tukaketi naye hadi usiku tukizipitia alama zake moja moja. Katika somo moja alama za jaribio la pili hazikuingizwa, ingawa karatasi yake iliyosahihishwa anayo mpaka leo. Rufani yake ilikuwa na miguu ya kusimama, lakini haikuwa na siku. Tuliiandika hata hivyo, ikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba imechelewa. Sasa kijana huyo auza viatu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na deni la mkopo wa masomo halikuondolewa pamoja naye.

Wenzangu wa vyuoni, nikiwasimulia kisa hiki, hunijibu kwa wepesi. Husema kwamba mtu mzima aliyefika chuo kikuu hana udhuru wa kutosoma barua yake. Kwamba kanuni za mitihani zimechapishwa, na kila mwanafunzi alitia sahihi siku ya kujiandikisha kuwa amezisoma na kuzikubali. Jibu hili ni la kweli kwa sura, si kwa maana. Sahihi hiyo hutiwa katika foleni, juani, baina ya dirisha la ada na dirisha la kitambulisho. Nimeuliza madarasa yangu mara nyingi ni nani aliyezisoma kanuni kabla ya kuzitia sahihi, na sijapata kuona mkono ukiinuka bila ya kicheko kuufuata.

Hebu tuitazame kanuni yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika vyuo vingi nchini, alama 70 na zaidi ni A, nayo huhesabiwa pointi 5. 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. 50 hadi 59 ni B, pointi 3. 40 hadi 49 ni C, pointi 2. Chini ya hapo ni kuanguka. Pointi za kila somo huzidishwa kwa vizio vya somo hilo, mazao yakajumlishwa, na jumla ikagawanywa kwa vizio vyote. Kipatikanacho ndicho kile kiitwacho GPA, ambacho wanafunzi wetu hukitaja kwa hofu kama wazee walivyokuwa wakiitaja ndui. Mwenye 4.4 na zaidi yumo daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3, daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4, daraja la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 amepita tu.

Hesabu hii si ngumu, lakini haijapata kufundishwa. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwa furaha kuwa kwa A moja na C moja amekwisha kuingia daraja la pili la juu. Alijumlisha 5 na 2, akagawanya kwa 2, akapata 3.5. A yake ilikuwa ya somo la vizio 8, na C ya somo la vizio 12. Hesabu ya haki ni 40 na 24, jumla 64, igawanywe kwa 20, nayo ni 3.2. Yule mama wa ndizi hangekosea hapo. Akinunua mikungu 8 kwa bei hii na mikungu 12 kwa bei ile, hajumlishi bei mbili akazikata nusu. Afanyaye hivyo hula mtaji wake kabla ya Ijumaa. Sisi wenye shahada tumemchukua mtoto wa mwanamke huyo, tukampa hesabu ileile ya mama yake katika lugha ambayo hawezi kumwuliza.

Na yako mambo mawili ambayo wengi huyajua siku ya kuhitimu, wakati ambapo kujua hakufai tena. La kwanza, tarakimu ya pili baada ya nukta haikadiriwi, hukatwa: mwenye 3.49 ni mwenye 3.4, wala hakuna wa kumwongezea ile chembe moja. La pili, katika vyuo vyetu vingi arudiaye mtihani huandikiwa C, hata akipata alama 80. Laiti mwanafunzi angelijua hili katika mwaka wa kwanza, angelijua pia kwamba alama za mwaka huo hazifi, bali humfuata mpaka katika cheti. Wengi huuchukua mwaka wa kwanza kuwa mwaka wa kulijua jiji.

Katika soko la Buguruni, na katika lile la Kariakoo, lumbesa imekatazwa. Wakala wa Vipimo husema gunia lisipite kilo 100, na mkulima aliyepunjwa anajua ni kosa gani alilotendewa na jina la kosa hilo. Mizani ya duka hukabili pande mbili, muuzaji aone na mnunuzi aone. Muuzaji akiigeuza imtazame yeye peke yake, mnunuzi huenda duka la pili, wala haambiwi kuwa ni mvivu wa kusoma mizani. Mizani ya mitihani yetu imegeuzwa hivyo, na kinachoigeuza ni lugha.

Wanafunzi wamejitungia maneno yao. Atakiwaye kurudia mtihani ana sapu. Avushaye somo alilofeli mpaka mwaka unaofuata ana keri. Aliyeondolewa masomoni amedisko. Wako wataalamu wa Kiswahili, na mimi nilikuwa mmoja wao, wanaoyacheka maneno haya katika mihadhara yao kuwa ni takataka za lugha. Siku hizi siyacheki. Mtu aliyenyimwa jina la jambo hujitungia lake, na hiyo ni afya ya lugha. Walakini maneno haya yana upungufu mmoja mkubwa: yamebeba adhabu, yakaiacha haki njiani. Neno sapu halisemi kwamba alama ya marudio ina dari. Neno keri halisemi ni masomo mangapi yanaruhusiwa kuvushwa, wala kwa muda gani. Neno disko linasema mlango umefungwa, halisemi kwamba pana siku 14 ambazo mlango huo bado unaweza kubishwa. Kijana wa Buguruni alilijua neno la mtaani, akadhani ndiyo kanuni yote. Lau barua yake ingeandikwa kwamba "umekatishwa masomo, nawe una haki ya kukata rufani kabla ya tarehe fulani," mama yake angelikuja kwangu siku ya kwanza.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Hoja hii imekwisha zeeka, nami naona haya kuijibu katika jarida la watu wazima. Alama, daraja, wastani, kizio, mtihani wa marudio, rufani: ni lipi kati ya haya lililokosekana? Hoja ya pili ina uzito zaidi. Husemwa kwamba kanuni za mitihani ni sheria, na sheria ikiwa na matini mbili huzaa mashaka juu ya ipi itawale. Nakubali kwamba mashaka hayo yapo. Lakini tangu 2021 sheria za nchi hii zimetangazwa kuwa lugha yake ni Kiswahili, na mahakama nazo vivyo hivyo. Na Mahakama za Mwanzo zimeendesha mashauri yao kwa Kiswahili miaka mingi kabla ya hapo. Mwizi wa kuku wa Buguruni husomewa shtaka lake kwa lugha aijuayo, naye huelezwa haki yake ya rufani kwa lugha hiyohiyo. Ikiwa hofu ni matini mbili, basi na iwe moja, iwe ya Kiswahili.

Sikusahau kwamba mizani hii tuliikuta. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kariakoo, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 14. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na madaraja ya shahada, la kwanza na la pili lililogawanyika juu na chini, ni ya desturi ya Uingereza. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu chenye kujitegemea. Kilibadilisha mengi, na mengine kwa ushujaa, lakini kanuni ya kumpima mtu ikabaki katika kinywa cha aliyeileta.

Na tusidhani kwamba kificho hiki huwadhuru wanafunzi peke yao. Huiharibu hata hukumu ya taifa. Matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ikatikisika, tume ikaundwa, na mwezi Mei matokeo yakafutwa ili yapangwe upya. Mwaka uleule yakatangazwa makundi mapya ya alama, na B+ ikaingia. Matokeo ya mtihani wa 2014 yakatoka kwa mtindo wa GPA, na mwanzoni mwa 2016 tukaamriwa kurudi katika madivisheni. Mzazi mwenye watoto watatu waliofuatana aliweza kupata vyeti vitatu visivyolinganishika. Mizani ambayo umma hauielewi ni rahisi kuhamishwa, kwa kuwa hakuna wa kusema ilikuwa wapi jana.

Oktoba 2022 tuliliona tena katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 walitakiwa kurudia mitihani, na 265 wakaondolewa. Kamati iliundwa chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Magazetini na vijiweni wengine waliwalaumu wanafunzi, wengine wakavilaumu vyuo walikotoka, wengine Kiingereza chao. Nami nilisikiliza mabishano hayo katika kibanda cha kahawa karibu na soko kwa juma zima, na jambo moja lilinishangaza: watu waliogombana juu ya 26 hawakuweza kuniambia ni kipi kinachomtenga wa 342 na wa 265. Tunagombana juu ya uzito, na hapana hata mmoja aliyeiona mizani.

Sisemi aliyeanguka afaulishwe. Nimepata kuwaandikia E watu niliowapenda, nami nitawaandikia tena. Daktari aliyesukumwa hatumtaki, wala mwalimu wa kupakwa rangi. Nisemalo ni kwamba hukumu kali yataka kanuni inayosomeka kuliko hukumu laini. Na wanaopiga kelele sana juu ya viwango ndio niwaonao wavivu wa kueleza kiwango ni nini.

Na nisijitoe katika lawama. Nimefundisha miaka 12, na katika muda huo sikupata kuitumia hata saa moja ya muhula kuwaeleza wanafunzi jinsi alama zangu zitakavyopikwa baada ya kutoka mkononi mwangu. Nilibandika alama za majaribio siku chache kabla ya mtihani, nikiona nimewafanyia hisani. Nilikuwa nafundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili, nikatoa mtihani kwa Kiswahili, kisha nikapeleka matokeo yao mahali ambapo Kiswahili hakikaribishwi, wala sikuona ajabu.

Muhula huu nilizitafsiri kanuni za mitihani za chuo chetu. Zilitoka kurasa 9. Nilizibandika mlangoni kwangu Jumatatu, na wanafunzi wakasimama kuzinakili, pamoja na mfagizi wa jengo letu, ambaye sikujua kuwa ana binti mwaka wa kwanza katika chuo kingine. Siku ya Alhamisi alikuja karani kuniagiza nizibandue, kwa kuwa si waraka rasmi. Nilimwuliza ulio rasmi hubandikwa wapi. Alisema hubandikwi, huombwa ofisini. Nikazibandua, nikazipeleka Buguruni katika duka la kutoa nakala mkabala na soko, na mwenye duka aniambia zimekwisha mara mbili.