Mpakato ikilia tik-tik, izime!

Msomaji wangu, hapa Morogoro kuna watu wanaogopa mlio mmoja kuliko honi ya basi la Msamvu. Ni ile tik-tik-tik inayotoka tumboni mwa kompyuta mpakato, asubuhi una kazi ya kukabidhi saa nne. Ukiisikia usijifanye mganga. Izime.

Mji wetu umejaa wanafunzi, Sokoine huku, Mzumbe kule, na kila mmoja maisha yake yamo kwenye hadidiski. Ushauri wa bure nao umejaa. Utasikia, "Iweke kwenye friza usiku mmoja." Jamani, hiyo ni diski au samaki? Ikitolewa inatoka jasho, na maji humo ndani hayatakiwi kabisa. Mwingine anakuja na bisibisi, eti aifungue apulize vumbi. Huyo ndiye hatari zaidi. Ndani mna sahani ambazo kwa mpakato nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kinaelea kichwa kinachosoma, tena kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi la Kihonda. Punje moja ikiingia hapo, ni bodaboda kukutana na jiwe kwenye mteremko.

Sasa kisa chenyewe. Binti mmoja jirani yangu alikuwa anaandika utafiti wa mashamba ya koo upande wa Matombo. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na shamba nalo hufuata huko huko. Basi binti alipanda na kushuka milima miezi minane akirekodi wazee, wengine kwa Kiluguru kitupu. Akapata sauti 31. Bibi mmoja alimtajia mashamba ya ukoo wake moja moja, na mipaka yake mti kwa mti. Bibi huyo akafariki kabla masika hayajaisha. Kisha mpakato ikadondoka binti anashuka garini pale Mkuyuni, na mlio ukaanza.

Kwenye simu alishazifuta sauti zote, imejaa. Hapa nieleze kidogo. Ukifuta faili kwenye hadidiski ya sahani, unafuta jina kwenye rejesta tu. Mwanafunzi bado kakaa kwenye dawati lake mpaka aje mwingine amtoe. Ndiyo maana zipo programu za bure kama PhotoRec zinazoweza kumkuta, ila uache kuandika vitu vipya humo. Lakini simu na zile diski mpya zisizo na sahani mara nyingi dawati hufagiliwa mapema. Kwa hiyo tumaini lote likabaki kwenye mgonjwa anayelia tik-tik.

Fundi wa kwanza, wala simtaji, alitaka kuifomati "ianze upya". Binti alichukua chake akaondoka. Wa pili, mzee mtulivu mwenye kibanda chake, aliuliza swali moja.

"Umeiwasha mara ngapi tangu ianguke?"

"Mara mbili, mzee."

"Basi usiiwashe tena, mwanangu."

Akaitoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine, akaanza kuinakili yote kwenye diski nzima kwa programu ya bure inayoitwa ddrescue. Uzuri wake haing'ang'anii penye ubovu. Inabeba kwanza panaposomeka, halafu inarudi kwenye mabaya kidogo kidogo, na inaandika pembeni ilipofika. Umeme ulikatika mara mbili katika siku tatu hizo, na kila ukirudi iliendelea ilipoishia. Faili zenyewe zilitafutwa kwenye nakala, mgonjwa kapumzishwa.

Bahati ni kwamba kichwa kilikuwa bado kinasoma. Kingekufa kabisa, ingebidi chumba kisicho na vumbi na vipuri vya diski ya aina ile ile, na gharama yake inaweza kupita bei ya mpakato mara kadhaa. Ila msikate tamaa upesi. Chombo cha anga cha Columbia kilipovunjika juu ya Marekani mwaka 2003, diski yake moja ilianguka mpaka chini, ikaokotwa imeungua. Wataalamu wa Ontrack wakatoa karibu asilimia 99 ya yaliyokuwemo, na matokeo ya jaribio lile yakachapishwa mwaka 2008.

(Na kumbuka, fundi anaona kila kitu. Wenye picha za nyumba ndogo, shauri yenu.)

Sauti 22 zilitoka safi, sita hazikupatikana kabisa, tatu zilikatika. Ya bibi ilikuwa katika hizo tatu. Anataja mashamba manne, anaanza la tano, kimya. Binti akaihifadhi sehemu tatu tofauti, kisha akapanda nayo Matombo kuwasikilizisha wenyewe. Walisikiliza mara mbili bila kusema neno. Ilipokatika, mjomba wa ukoo akainuka, akachukua panga lake, akamwambia binti avae viatu vizuri, la tano liko ng'ambo ya mto.