Mtoto kwenye picha, na kikohozi cha nyumbani

Jumamosi iliyopita nilikuwa Msamala kwa bibi, tunapukuchua mahindi barazani. Nikamwonyesha kwenye simu picha moja ya kuchorwa: msichana mwembamba mwenye nywele nyekundu ameegemea mto mweupe, na pembeni yake mwanamke ameinamisha kichwa. Nikamuuliza, "Bibi, hapa unaona nini?"

Akasogeza simu mbali kidogo, akakaza macho. "Mtoto anaumwa. Lakini tazama, mjukuu wangu, aliyevunjika moyo ni mkubwa. Mtoto ndiye anayembembeleza."

Picha hiyo inaitwa "Mtoto Mgonjwa". Edvard Munch wa Norway aliichora mwaka 1885 na 1886 akimkumbuka dada yake Sophie, aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1877 akiwa na miaka 15. Edvard alikuwa na miaka 13. Aliirudia picha hiyo tena na tena kwa takriban miaka 40.

Mimi niliitazama kwa jicho la mwandishi wa afya. Mama yao naye alifariki kwa kifua kikuu, mwaka 1868. Ugonjwa mmoja, familia moja, miaka tisa tu kupishana. Baba yao alikuwa daktari, lakini angefanya nini? Robert Koch alitangaza kugundua vimelea vya ugonjwa huo mwaka 1882, na dawa za kuutibu zilipatikana miaka ya 1940.

Nilipomweleza hayo, bibi alinyamaza. Kisha akasema kwao pia alianza mama kukohoa, akafuata mdogo wake. "Watu walisema nyumba imerogwa. Hakuna aliyetuambia ni kifua."

Msomaji, kifua kikuu husambaa kwa hewa, mgonjwa wa mapafu anapokohoa. Wanaolala naye chumba kimoja ndio walio hatarini zaidi, na mtoto mara nyingi huambukizwa na mtu mzima wa hapo hapo nyumbani. Kwa hiyo mtu mzima akigundulika, wapelekeni na watoto wote wa nyumba hiyo wakachunguzwe, hata wanaocheza vizuri. Walio wadogo wanaweza kupewa dawa za kuwakinga.

Dalili kwa mtoto ni kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za mara kwa mara, kupungua uzito au kutoongezeka, na kukosa hamu ya kucheza. Usisubiri akohoe makohozi. Watoto wadogo huyameza. Wala usitulie kwa sababu alichanjwa BCG alipozaliwa. Chanjo hiyo humkinga zaidi na kifua kikuu kikali, haizuii kila maambukizi. Vipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali, na dozi humalizwa hata kama mgonjwa amepata nafuu.

Bibi alirudi kwenye gunzi lake, akapukuchua mistari miwili, akasimama tena.

"Yule mtoto wa mpangaji wangu," alisema, "mwezi sasa anakohoa. Baba yake alitangulia. Mama anasema ni vumbi la mahindi."

Jumatatu asubuhi wote watatu walikwenda kituo cha afya. Bibi aliwasindikiza hadi barabarani.