Mjamzito, usisubiri kuulizwa hali ya moyo wako

Ukifika kliniki ya wajawazito utapimwa uzito, shinikizo la damu, damu na mkojo. Swali moja husahaulika mara nyingi: "Mama, moyoni unajisikiaje?" Nimeona mama mwenye vipimo vizuri vyote akibubujikwa na machozi nilipomuuliza hivyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wajawazito 16 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Mwaka 2022 lilitoa mwongozo wa kuingiza huduma hiyo katika kliniki za mama na mtoto. Ni jambo la busara, kwa kuwa mama anashauriwa kuhudhuria kliniki angalau mara 8. Lakini foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache, hivyo huenda swali hilo lisikufikie.

Basi lianze wewe. Wasiwasi wa siku mbili tatu ni wa kawaida. Ukikosa usingizi, ukilia mara kwa mara au ukikosa raha kwa wiki 2 au zaidi, mwambie muuguzi au mkunga. Sonona si kudeka wala uvivu, na inatibika, mara nyingi kwa mazungumzo na mtaalamu. Kama unatumia dawa, usiiache bila kumuona daktari.

Nawe baba, mama mkwe au dada, msikilize kabla ya kumshauri, mpunguzie kazi, msindikize kliniki. Akitaja kujidhuru au kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.