Oteli Nzuri Inasema Lugha Gani?

Mjini Kindu oteli yenye hadhi hutambulika kwa mambo manne. Jenereta yake haizimwi saa nne usiku. Maji yanatoka bombani, hayaletwi kwa ndoo. Chandarua hakina matundu. Na mtu anayekupokea hasemi nawe Kiswahili. Matatu ya kwanza ni starehe, na anayeyalipia anajua anachonunua. La nne nalo huhesabiwa kuwa starehe, na hapo ndipo ninapobishana na wenye oteli, na baadhi yetu hapa kitivoni.

Mji huu ni wa Kiswahili. Mtu akitoka Mikelenge akapita Kasuku, akavuka Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, atakuwa amenunua samaki, amegombana na mwenye pikipiki, amesalimia wafiwa na ameswali au ameimba kanisani bila kuhitaji lugha nyingine. Katiba ya 2006, ibara ya kwanza kabisa, inaitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, kisha inazitaja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, na kuipa serikali kazi ya kuzikuza bila ubaguzi. Oteli si ofisi ya serikali, wala sisemi ishtakiwe kwa katiba. Nasema tu kwamba hakuna sheria inayoilazimisha kufanya inavyofanya. Fomu ya kujiandikisha ni ya Kifaransa, orodha ya vyakula ni ya Kifaransa, kibao cha mlangoni ni cha Kifaransa, na anayeuliza kwa Kiswahili hujibiwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili kilichofupishwa kama cha kumfukuza kuku.

Sina ugomvi na Kifaransa. Ndicho ninachofanyia mitihani. Mjumbe aliyetoka Kinshasa na asiyejua Kiswahili lazima apokewe kwa lugha anayoielewa, na watu wa mashirika vilevile. Lakini wageni si hao peke yao. Yupo mfanyabiashara wa Kasongo, yupo mwenye madini wa Kalima au Punia, zipo jamaa zinazokuja kwa harusi na wazazi wao wazee. Wote wanalipa dola zilezile.

Likizo mbili nilifanya kazi ya mapokezi katika oteli moja ya hapa, ambayo sitaitaja. Siku moja aliingia mama muuza mchele pamoja na binti yake. Walikuwa wametoka njiani siku mbili kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alitaka chumba chenye bafu. Kabla hajauliza bei, mwenzangu alimwambia: «Mama, hapa ni ghali.» Wakati huohuo akaingia bwana mmoja mwenye mkoba wa kompyuta, akasema «Bonjour», na yeye akaulizwa kwanza kama safari ilikuwa njema. Yule mama hakusema neno. Alifungua kitambaa, akahesabu pesa za siku tatu, akaziweka juu ya meza. Siku ya kuondoka nilimuuliza ameionaje nyumba. Akanijibu: «Kitanda iko muzuri, mutoto yangu. Lakini nililala sawa mutu mwenye kujificha.»

Nilikiandika kwenye daftari la fonolojia maana ndilo lililokuwa karibu. Tunapima oteli kwa magodoro na vifaa vya kupoza hewa, lakini mtu aliyelala kama anayejificha hakupata alichokilipia, hata shuka ziwe nyeupe namna gani.

Neno lenyewe linaweza kutusaidia. Kifaransa kina «hôte», na neno hilo ni la ajabu kidogo: ni anayepokea na ni anayepokewa. Kutoka ukoo huo tumepata «hôtel», nasi Kongo tumelichukua bila ile «h» isiyotamkwa, tukasema oteli, wakati ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wamepitia Kiingereza wakapata hoteli. (Na kwao neno limeshuka hadhi: hoteli yaweza kuwa kibanda cha chai na maandazi, kile ambacho sisi tungekiita malewa. Pa kulala pa bei ndogo ni gesti au lojing.) Kiswahili hakichanganyi pande mbili hizo. Kina mgeni, na kina mwenyeji, mwenye mji. Mgeni anabeba mengi: mtu usiyemjua, mtu wa nchi nyingine, mtalii, aliyealikwa, hata mtoto aliyezaliwa jana. Mwenyeji habebi mengi. Ni yule ambaye mahali ni pake, na kwa hiyo ana deni.

Sasa simama mbele ya meza ya mapokezi uulize: hapa mwenyeji ni nani? Mwenye mali yuko Goma au Kinshasa. Kijana wa mapokezi ni mzaliwa wa Kindu, lakini amefundishwa kuongea kama mtu aliyeshuka na ndege. Yule mama wa mchele naye ni wa Maniema. Wenyeji wawili wanatazamana, na kati yao wamelazimika kumtafuta mgeni, basi ugeni anaupewa asiyesema Kifaransa. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Oteli haitoi jembe, inatoa hesabu, na hilo ni haki yake. Lakini zile siku mbili za kwanza, za kuulizwa habari za njiani na kukalishwa, hazimo katika hesabu yoyote, na ndizo zilizoondolewa.

Mtu atasema kwamba haya ni ya Kongo, kwamba pwani, kwenye Kiswahili chenyewe, mambo ni tofauti. Ni tofauti, lakini si kwa namna anayofikiri. Kwenye hoteli kubwa za pwani Kiswahili kipo mlangoni, kimevikwa na kupambwa. Mgeni anapokewa kwa «Jambo!». Wimbo «Jambo Bwana» wa kundi la Them Mushrooms la Mombasa, wa mwaka 1982, ulizaliwa katika mazingira hayo ya hoteli za ufukweni na ukazunguka dunia. Lakini Waswahili wa pwani wao kwa wao husema hujambo na sijambo, shikamoo na marahaba, habari za asubuhi. «Jambo» tupu wanamwachia mzungu, kwa sababu linameza kiambishi chote cha kukanusha na halimchoshi ulimi. Sisi je? Kindu, Bukavu, Goma, «jambo» ni salamu ya kweli. Jirani anamwambia jirani jambo, naye anajibu jambo, wala hakuna mtalii karibu. Kwa hiyo mtu wa Kindu akiingia kwenye hoteli ya Unguja akasalimu kama alivyolelewa, atadhaniwa amejifunza Kiswahili ndani ya ndege. Na huyo aliyevaa kanzu ya mapokezi, anapowaambia Wajerumani «jambo», katika ukumbi mzima anayeweza kuisikia kama salamu ya nyumbani ni yule mmoja wa Maniema. Nimewahi kulieleza hili kwenye semina na watu wakacheka. Mimi naona ni mada ya tasnifu.

Kuna lingine linalotuhusu zaidi. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, majumba mengi ya karne ya 19 yamegeuzwa hoteli za kifahari. Liko jengo la Hurumzi linalotajwa kuwa la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mali ya kufungia misafara. Misafara hiyo ilikwenda wapi? Ilikuja hapa. Kasongo na Nyangwe, juu kidogo ya mto wetu, ndiko zilikotoka pembe, na ndiko walikotoka watu waliozibeba, wengi wao wakiwa wamefungwa. Tippu Tip alikufa Zanzibar mwaka 1905. Nyumba yake iko Shangani, si mbali na Africa House, ambayo ilikuwa klabu ya Waingereza na leo ni hoteli. Anayelala Hurumzi kwenye kitanda cha nguzo nne, chini ya dari ya boriti, amelala ndani ya hesabu ambayo upande wake mmoja uliandikwa Maniema. Kiswahili chetu pia kilikuja katika msafara huohuo. Wao walibaki na nyumba, sisi tukabaki na lugha, na leo lugha hiyo ndiyo inayoambiwa haifai kwenye nyumba nzuri.

Hapo Shangani pia, mwaka 2015, ilifunguliwa Park Hyatt, sehemu yake ikiwa ndani ya jumba la kale linaloitwa Mambo Msiige. Ujenzi wake ulizua mzozo mrefu na watetezi wa urithi. Mimi jina limenishika zaidi kuliko mzozo. Msiige: wingi, ukanushi, dhamiri tegemezi, shina «iga». Mwenye nyumba aliwaambia watu wasiige mambo yake. Wageni wanapiga picha chini ya amri hiyo kila siku bila kujua kwamba wanaambiwa wao.

Na neno safari, sitalipita kimya. Kwa wauzaji wa kambi za hema zenye mabafu ya shaba, safari ni simba, gari lililo wazi na kinywaji baridi machweo. Kwetu safari ni kwenda Kibombo. Ni treni ya kutoka Lubumbashi isiyojulikana itafika lini. Neno moja limegawanyika na kila upande umechukua abiria wake, na ule upande wa starehe unadhani ndio wenye neno.

Najua pingamizi la walimu wetu, maana nimelisikia: Kiswahili gani? Cha Kindu ni cha sokoni, kinasema «chumba ya» badala ya «chumba cha», hakina maneno ya oteli. Kuhusu upatanisho wa ngeli sitabishana leo. Kuhusu maneno, nakaribisha yeyote apite nyuma ya meza ya mapokezi, aufungue mlango wa jikoni. Huko kila kitu ni Kiswahili. Mpishi na msaidizi wake wanabishana juu ya samaki kwa Kiswahili. Dobi, fundi wa jenereta, sentineli wa usiku, wasichana wanaotandika vitanda: wote. Starehe nzima ya mgeni, kuanzia maji ya moto hadi mkunjo wa shuka, hutengenezwa kwa lugha hiyo, halafu inakatazwa kuvuka mlango. Si kwamba maneno hayapo. Hayajaruhusiwa kumfikia anayelipa.

Na wanaoyasema hawaruhusiwi pia. Katika ile oteli, msichana mmoja wa usafi ndiye aliyegundua kwamba mgeni wa chumba cha mwisho ana homa, kwa kuona shuka zilivyolowa. Hakuthubutu kumuuliza mwenyewe hali, kwa sababu ameelekezwa asiseme na wageni «lugha ya nyumbani». Alinitafuta mimi, nikamtafuta meneja, meneja akaenda kwa Kifaransa. Mgeni alikuwa Mluba wa Kongolo, akajibu kwa Kiswahili. Msichana huyo bado anatandika. Kupanda hadi mapokezi kunahitaji Kifaransa, na shule yake iliishia darasa la sita.

Kwa hiyo naomba kitivo chetu kifanye kazi ndogo. Tusingoje Kinshasa. Tusiagize pia orodha kutoka Dar es Salaam na kuibandika kama ilivyo: BAKITA wamefanya mengi, lakini mwandikie mtu wa Kindu «kifungua kinywa» na atatafuta kopo la kufungua. Hapa watu wanakunywa chai, hata kama mezani kuna mayai, ndizi na kahawa. Basi iandikwe chai ya asubuhi. «Mapokezi» inaeleweka bila mafunzo. «Yaya» tuiache nyumbani: kwetu ni heshima ya ndugu mkubwa, lakini mgeni wa Mombasa atadhani tunaita mlezi wa watoto. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kukaa na wafanyakazi wa oteli tatu au nne, wakaandika fomu, orodha ya vyakula na vibao kwa Kiswahili kinachosemwa, Kifaransa kikiwa chini yake. Oteli haitapoteza mjumbe hata mmoja.

Sisi wenzangu watatu tulianza na kibao cha mlangoni. Mmoja alipendekeza «Tafadhali usinisumbue». Ni sanifu, haina kosa. Mwenzetu wa Kibombo akasema kwao hakuna mtu angemwambia mwenye nyumba hivyo, ni kama kumfokea, mtu akija hodi huku mgeni amepumzika, watoto humwambia tu, «Mgeni amelala.» Tukakubaliana palepale: «Mgeni amelala.» Upande wa pili wa kibao, wa kumwita msichana aje kusafisha, tuliandika «Mgeni ametoka». Sentineli wa ile oteli alipokisoma akasema hicho ni kibao cha kuwaita wezi. Upande huo bado tunautafutia maneno.